Amri zipigazo kelele na amri zinyamazazo: uhakiki wa mstari wa amri wa Ceph



Tumezoea kuhakiki riwaya, tenzi, kamusi na sera za lugha. Leo naomba ruhusa nihakiki matini ya namna nyingine, ambayo wengi wetu hatuisomi ingawa kazi zetu zinaitegemea. Nazungumzia amri anazochapa fundi wa kompyuta anapotunza ghala la data lililotandazwa kwenye seva nyingi. Msiikimbie mada, jamani. Ule mkanda uliorekodi Makunduchi miaka ya themanini, ukaupeleka chuoni ukageuzwa kuwa faili, leo haumo kabatini. Umo kwenye diski kadhaa katika chumba chenye baridi, na usalama wake unategemea sentensi fupi atakazoandika kijana mmoja saa tisa usiku. Mzee aliyesimulia ameshatangulia mbele ya haki, hatarudi kusimulia tena. Basi sentensi hizo tuna haki ya kuzisoma, na kuzisema pia.

Nitaizungumzia programu moja tu, Ceph, kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo darasani na maabara kwa zaidi ya miaka kumi. Hoja yangu naitaja mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kunikamata: mstari wa amri wa Ceph hupiga kelele pale ambapo hatari inaonekana na kila mtu, na hunyamaza pale ambapo hatari imejificha. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ceph inamwambia tazama mwenye macho, halafu kipofu inamwacha apite.

Kwanza mhusika wetu ni nani

Ceph ilianza kama kazi ya udaktari ya Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Makala kuu ya kuieleza ilitoka mwaka 2006, na yeye akamaliza shahada yake mwaka 2007. Kampuni ya Inktank, iliyoundwa kuiendeleza, ilinunuliwa na Red Hat mwaka 2014, na Red Hat yenyewe ikaingia mikononi mwa IBM mwaka 2019. Programu imebaki huria muda wote huo. CERN, kituo kile cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, kimeitumia tangu 2013. Jina limekatwa kutoka kwenye neno la kisayansi la jamii ya pweza na ngisi, na matoleo yake yamepewa majina ya jamii hiyo kwa kufuata alfabeti: Argonaut mwaka 2012, Octopus mwaka 2020, Squid mwaka 2024. Kwa sisi watu wa pwani, basi, huyu ni pweza: mikono mingi, na hakuna mkono mmoja unaobeba kila kitu.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila diski ina programu yake ya kuihudumia, nayo huitwa OSD na kupewa namba. Pembeni kuna programu chache, kwa kawaida 3 au 5, ambazo hukubaliana kwa wingi wa kura nani yu hai na nani amekufa. Data hugawanywa katika mafungu makubwa ambayo Ceph huyaita 'pool'. Kila kitu ndani ya fungu huwekwa nakala 3 kwa kawaida, kila nakala kwenye seva yake. Hakuna daftari kuu la kusema faili fulani liko diski gani. Mahali pake hupatikana kwa hesabu, kwa kanuni iitwayo CRUSH. Ukibadilisha uzito wa diski moja, hesabu yote hurudiwa na data huanza kuhama. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Sifa zake, kwa haki

Mhakiki anayeanza kwa kuponda hasikilizwi, na wala hastahili. Mstari wa amri wa Ceph una mazuri mengi. Andika `ceph -s` utapewa habari ya ghala zima katika mistari michache: afya yake, diski ngapi zi hai, nafasi iliyobaki, kazi ya ukarabati inayoendelea. Andika `ceph health detail` utaambiwa kinachouma na kinauma wapi. Mifumo mingi niliyoiona haina ukarimu huo.

Lakini amri ninazozipenda kuliko zote ni mbili ambazo si amri hata kidogo, ni maswali. `ceph osd ok-to-stop 12` huuliza: nikiisimamisha diski namba 12 sasa hivi, kuna data itakayokosa kupatikana? `ceph osd safe-to-destroy 12` huuliza: nikiiharibu kabisa, usalama wa data utapungua? Programu haimuulizi fundi kama ana uhakika. Inatazama hali halisi ya ghala, kisha inampa jibu. Hapa ndipo Ceph inapofikia kilele chake, nami nitatumia amri hizi mbili kama ratli ya kuzipimia nyingine zote.

Kelele

Sasa tazama fundi anapotaka kulifuta fungu zima. Lazima kwanza afungue kufuli liitwalo `mon_allow_pool_delete`, ambalo kwa kawaida limefungwa. Kisha aandike jina la fungu mara mbili. Kisha amalizie na maneno haya: `--yes-i-really-really-mean-it`. Maana yake, 'ndiyo, kweli kweli nimekusudia'. Asipoyaandika hufokewa kwa herufi kubwa kwamba data zote zitapotea moja kwa moja.

Wengi hucheka wakiyaona maneno haya mara ya kwanza. Mimi nilicheka pia, kisha nikajiuliza: kauli hii imempa fundi habari gani asiyokuwa nayo? Haimwambii fungu lina vitu vingapi wala mara ya mwisho limeandikwa lini. Fungu tupu la majaribio na fungu lenye miaka thelathini ya sauti za wazee wetu yote hufutwa kwa kiapo kile kile. Ikiwa fungu linatumiwa na mfumo wa mafaili wa CephFS, amri hukataa, na hapo pana busara. Lakini kwa mengine, programu inampima fundi ujasiri, haimpimi ujuzi. Na kiapo kinachorudiwa kila siku hugeuka kuwa kibwagizo: mkono unakiandika, akili iko kwingine. Nimewaona wanafunzi wakikinakili kutoka kwenye daftari pamoja na amri nzima, kama sehemu ya tahajia tu.

Cha ajabu ni kwamba mradi huu huu unajua kufanya vizuri zaidi. Kwenye upande wa diski za kubuni, ile sehemu iitwayo RBD, kuna `rbd trash mv`, ambayo hukiweka kitu jaani kwanza, na unaweza kukitoa jaani ukighairi. Fungu zima, ambalo ni kubwa mara elfu, halina jaa. Ukishalifuta limekwenda, na nakala zako tatu zimekwenda pamoja, kwa sababu ufutaji nao hufanywa mara tatu. Wanaodhani nakala tatu ni akiba na wafikiri upya hapo.

Kimya cha kwanza: nakala moja

Kelele tumezisikia. Sasa tusikilize kimya, maana kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Fungu lenye nakala 3 huwa na kiwango kingine, `min_size`, ambacho kwa kawaida ni 2. Maana yake: zikibaki nakala chini ya 2 zilizo hai, Ceph hukataa kusoma na kuandika kwenye sehemu hiyo mpaka hali irekebishwe. Watumiaji hulalamika, simu zinalia, mkuu wa idara anataka majibu. Fundi akitafuta dawa ya haraka ataikuta hii: `ceph osd pool set sauti min_size 1`. Anabonyeza, na kila kitu kinaanza kwenda tena.

Ceph inamjibu nini? Kwamba kiwango kimewekwa kuwa 1. Basi. Hakuna herufi kubwa, hakuna 'kweli kweli'. Na hali kuanzia dakika hiyo data mpya zinaweza kuandikwa kwenye diski moja tu duniani. Diski hiyo ikifa kabla wenzake hawajarudi na kunakili, kilichoandikwa kimepotea na hakuna wa kumuuliza. Mbaya zaidi, diski zikisharudi kiwango hakirudi chenyewe kuwa 2. Hubaki 1 kimya kimya, mwezi, mwaka, mpaka siku ya msiba mwingine.

Hebu linganisheni. Kufuta fungu, jambo ambalo kila mtu anajua ni kufuta, kunahitaji kufuli, jina mara mbili na kiapo. Kulivua fungu kinga yake, jambo ambalo fundi mchanga halielewi vizuri, hakuhitaji lolote. Mimi naona vipaumbele vimegeuzwa juu chini.

Kimya cha pili: neno 'out'

Hapa naingia kwenye fani yetu, lugha. Diski ya Ceph ina hali mbili tofauti. Ya kwanza ni kama programu yake inafanya kazi au la: 'up' na 'down'. Ya pili ni kama imepewa zamu ya kubeba data au la: 'in' na 'out'. Diski ikinyamaza kwa dakika 10, kwa kawaida hutolewa zamu yenyewe, na data zake huanza kujengwa upya kwingine. Fundi naye anaweza kuitoa kwa mkono: `ceph osd out 12`.

Kwa Kiswahili tungelazimika kuchagua. Imetoka? Imetolewa? Na nani? Kitenzi chetu hakimruhusu msemaji kukwepa swali hilo kirahisi. Kwa Kiingereza neno 'out' ni amri na ni hali kwa pamoja, halina mtenda wala mtendwa. Tena ukitazama orodha ya `ceph osd tree`, hilo neno lenyewe hulioni! Diski iliyotolewa huonyeshwa kwa sifuri tu katika safu iitwayo REWEIGHT. Aliyetolewa na fundi na aliyetolewa na mfumo wote wana sifuri ile ile. Fundi wa zamu ya asubuhi anasoma sifuri na kukisia kisa cha usiku.

Na hiyo REWEIGHT ina pacha wake. Kuna `ceph osd reweight`, ambayo hupokea namba kati ya 0 na 1 na kupunguza zamu ya diski kwa muda. Na kuna `ceph osd crush reweight`, ambayo hubadilisha uzito wa kudumu wa diski kwenye ramani, uzito ambao kwa desturi hufuata ukubwa wake. Neno moja tu katikati limezitenganisha. Tofauti yake si ya kitabuni. Fundi anayetaka kuondoa diski nzima akianza na `out`, data zinahama mara ya kwanza. Lakini seva yake bado inahesabiwa uzito ule ule kwenye ramani. Baadaye akiiondoa diski kwenye ramani, uzito wa seva unapungua, hesabu ya CRUSH inarudiwa, na data zinahama mara ya pili. Angeanza kwa kuushusha uzito wa ramani kuwa 0, zingehama mara moja. Kila uhamaji ni saa nyingi za diski kuchoka na watumiaji kusubiri, na diski kuukuu zinapenda sana kufa katika saa hizo. Mstari wa amri unayajua haya yote, maana hesabu ni yake. Kwa nini hausemi?

Kimya cha tatu: amri isiyokwisha

Tangu toleo la Octopus la mwaka 2020, Ceph imekuja na msimamizi wake, cephadm, na familia ya amri za `ceph orch`. Ni hatua kubwa mbele. `ceph orch osd rm 12` huhamisha data kwanza, husubiri, ndipo huiondoa diski. Zamani hilo lilikuwa mlolongo wa amri kadhaa, na kukosea mpangilio kulikuwa rahisi.

Lakini tazameni hii: `ceph orch apply osd --all-available-devices`. Anayeisoma kwa mara ya kwanza huelewa: zichukue diski zote zilizo tupu. Anadhani ni tendo la leo. Kumbe ni kanuni ya kudumu. Diski yoyote safi atakayoichomeka mwezi ujao, kwa kazi yoyote aliyoikusudia, itachukuliwa na ghala mara itakapoonekana. Hata diski aliyoiondoa na kuisafisha leo inaweza kuchukuliwa tena kabla hajanyanyuka kitini. Ili kuizuia, lazima aongeze `--unmanaged=true`.

Kiswahili kina kiambishi cha kazi hii hii: hu-. 'Chukua diski' ni amri. 'Ghala huchukua diski' ni desturi. Mtoto wa miaka mitano anazitofautisha. Neno 'apply' limezifunika zote mbili kwa shuka moja, na kanuni imevaa vazi la amri. Nakiri kuna `--dry-run` ya kuonyesha kitakachotokea bila kukitenda, na naisifu. Lakini inamsaidia yule aliyekwisha kushuku.

Pingamizi

Najua kuna watakaosema: yote haya yanatibiwa na dashibodi, acheni kuchapa. Dashibodi ilikuja na toleo la Luminous mwaka 2017, ikapewa uwezo wa kusimamia mwaka 2018, na imekuwa nzuri. Lakini kitufe ukishakibonyeza hakikuachii matini mkononi. Amri naweza kukutumia kabla sijaitekeleza ukaniambia ngoja, hapo umekosea. Naweza kuihifadhi, kuihakiki, kumfundishia mwanafunzi.

Wengine watasema mstari wa amri ni wa mabingwa, na bingwa haambiwi. Labda. Ila bingwa wa saa nne asubuhi si bingwa yule yule wa saa tisa usiku. Katika chuo kimoja, sikitaji, waliweka alama ya `noout` wakati wa matengenezo ili diski zisitolewe zamu. Kazi ilipokwisha alama ikasahauliwa. Ceph ilitoa onyo, kweli, HEALTH_WARN kila siku. Watu wakaizoea rangi ya njano. Diski ilipokufa baada ya miezi, rangi ilikuwa ile ile ya njano, na kwa sababu ya `noout` hakuna kilichojengwa upya. Nakala mbili zilibaki, ndizo zilizookoa jahazi. Hao walikuwa mabingwa. Siku hizi kuna `ceph health mute`, ambayo hunyamazisha onyo kwa muda unaoutaja, mathalani saa 4, kisha onyo hurudi. Umri huo ungepewa na `noout` pia, tungelala vizuri zaidi.

Kwamba inawezekana, Ceph yenyewe imethibitisha. Katika matoleo ya karibuni, amri ya `ceph osd purge` hujiuliza yenyewe lile swali la usalama, na hukataa kama kuna data zitakazopotea, mpaka ulazimishe kwa `--force`. Yaani swali limeingizwa ndani ya amri. Ninachodai ni hicho tu, kifike na kwingine: `min_size` iseme nakala ngapi zi hai sasa, ufutaji wa fungu utaje idadi ya vitu vilivyomo, na 'apply' iseme wazi kwamba hii ni kanuni, si tendo.

Sisi tufanye nini?

Sipendekezi amri zitafsiriwe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kazi ya kupongezwa, lakini menyu ni ya kusomwa na binadamu. Amri husomwa pia na programu nyingine, ukibadilisha herufi moja umevunja hati zote zilizoandikwa juu yake.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana hata bila fedha. Wale miongoni mwetu wanaofundisha vijana, hapa ugenini au kule nyumbani, wawazoeze jambo moja: kabla ya kubonyeza, andika kwa Kiswahili sentensi kamili ya kitakachotokea. Iwe na mtenda, mtendwa na njeo. 'Diski namba 12 itatolewa zamu na mimi, data zake zitahamia seva za jirani, na zitahama tena nitakapoiondoa kwenye ramani.' 'Kuanzia sasa ghala litakuwa linachukua kila diski tupu.' 'Sauti zitakazoandikwa usiku huu zinaweza kuwa na nakala moja tu.' Sarufi yetu itamlazimisha kusema kile ambacho amri imekinyamazia. Akishindwa kuiandika sentensi, basi hajui anachoamuru, na aondoe mkono kwenye kibodi.

Na wale mlio na makusanyo yaliyohifadhiwa vyuoni, mwulizeni msimamizi wa ghala maswali mawili tu: `min_size` ya fungu letu ni ngapi, na kuna nakala nje ya ghala hili? Hahitaji kuwa mwanaisimu kukujibu, wala wewe kuwa fundi kulielewa jibu.

Naomba kutoa hoja. Mwenye kunikosoa anikosoe, hasa mafundi.

Wasalaam.